Picha Iliyotangulia

Mtaani kwao walimwita Mama Kiatu, na jina hilo halikumkera hata kidogo. Lilitokana na picha. Katika picha hiyo, iliyopigwa siku polisi walipovunja mgomo wa kiwanda cha nguo, kijana mwenye shati lililochanika begani anatoka kwenye moshi akiwa amembeba msichana mikononi. Kichwa cha msichana kimelala kifuani pa kijana, mkono mmoja unaning'inia, na miguu inaonekana wazi: mmoja una kiatu, mwingine mtupu. Huku na huku wamesimama askari na marungu yao, nao wamewapisha.

Nani hakuwahi kuiona? Ilitoka gazetini, ikawa bango, ikawa stempu, mwishowe ikaingia kwenye kitabu cha historia cha shule za msingi, na chini yake yakaandikwa maneno kwamba ujasiri wa kijana huyo uliwafanya hata askari washushe marungu. Msichana alikuwa yeye. Kijana alikuwa mume wake.

Si kwamba walikuwa wachumba wakati ule. Yeye alikuwa mfumaji wa zamu ya asubuhi. Kijana alikuwa fundi wa mitambo, mtu wa maneno mengi, kitambaa cha grisi hakimtoki mfuko wa nyuma, kutwa anapita kati ya mashine za wasichana akikaza nati ambazo hazijalegea. Alikuwa rafiki wa kaka yake, basi, hakuna zaidi. Lakini mtu akishakubeba hivyo mbele ya dunia nzima, utamkataliaje? Alipokuwa hospitalini, kichwa kimezungushiwa bendeji, kijana alikuja na jozi mpya ya viatu ndani ya boksi.

"Nilitaka nirudi nikakitafute kile kimoja," alisema, "nikaona nitapata kiatu nikose mwenye mguu."

Msichana alicheka mpaka kidonda kikamuuma. Mzaha ule ukawa wa nyumbani. Mume aliurudia kwenye harusi, akaurudia kwa wageni, akaurudia kwa binti yao alipoanza kuelewa maneno, na mke alicheka kila mara kana kwamba ndiyo kwanza anausikia.

Kaka yake hakuwahi kuucheka. Kila mtu alimwita Katibu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa katibu wa kamati ya mgomo. Alikuwa na tabia ya kukunja mikono ya shati kabla hajasema jambo la maana, utafikiri maneno nayo ni kazi ya sulubu. Alikamatwa siku ile ile ya picha, na kifua kikammaliza gerezani kabla kesi haijaanza kusikilizwa. Walikabidhiwa jeneza la mbao mbichi. Fundi wa mitambo, wakati huo tayari ni shemeji, alilibeba upande wa kichwa huku akilia kwa sauti bila haya, hadi waombolezaji wakawa wanamshika yeye mkono kabla ya dada wa marehemu.

Picha za Katibu zilikwisha siku polisi walipopekua nyumba. Iliyosalia ilikuwa moja, ya utotoni, ana pengo mbele na kaptura inayompwaya. Dada mtu aliizoea hivyo hivyo. Kadiri miaka ilivyokwenda ndivyo sura ya ukubwani ya kaka yake ilivyozidi kumponyoka, akabaki na mikono tu na yale mashati.

Alikuwa ameshakuwa bibi, anashona sare za shule barazani, siku makumbusho walipompigia simu. Walikuwa wanaandaa maonyesho ya kumbukumbu ya mgomo. Mpiga picha wa lile gazeti alikuwa amefariki, na mjane wake alikuwa ameleta kopo la bati lililojaa negativu, zile filamu zinazochapiwa picha. Je, yeye na mzee wangeweza kufika, wawasaidie kuwatambua watu?

Mume wake alikuwa amefungua redio mezani, matumbo yake yote nje.

"Negativu zipi tena?" aliuliza. "Picha si ile moja?"

"Wanasema zipo nyingine. Siku ile ile."

Alikaa na bisibisi mkononi bila kuigusa redio. "Usiende, Kiatu. Utakwenda kujipandisha presha bure kwa mambo yaliyokwisha."

"Labda Katibu yumo."

"Mimi goti langu leo halitaki ngazi."

"Basi wewe baki na goti lako, nitakuletea habari."

Ilikuwa nafasi nzuri ya mzaha, na mzee hakuitumia. Mke aliliona hilo, lakini alikuwa anatafuta miwani, na akalisahau kabla hajafika getini.

Mhifadhi wa picha alikuwa mwanamke wa makamo, mchangamfu, mwenye glavu nyeupe za pamba. Alimpokea kwa mikono miwili, akamkalisha kwenye chumba chenye baridi ya mashine, akamshukuru hadi ikawa aibu.

"Mama, hujui. Nimesomea picha yako chuoni. Sasa nimekaa nawe meza moja!"

"Basi uangalie vizuri, mwanangu. Yule wa pichani alikuwa na kiuno."

Wakacheka wote wawili. Mhifadhi alikuwa amezichapa picha kwa ukubwa wa daftari na kuzipanga kwa mfuatano. Akaanza kuzifunua moja moja. Geti la kiwanda. Wanawake wameketi chini mbele ya geti, na Mama Kiatu akawataja kwa kicheko: huyu alikuwa mwimbaji wetu, huyu alikuwa anaogopa mende kuliko polisi, huyu ndiye aliyetupikia uji. Malori ya polisi. Kichochoro cha nyuma ya ghala la pamba.

"Hii ndiyo imenishinda," alisema mhifadhi. "Huyu raia anayezungumza na ofisa ni nani? Msimamizi wa kiwanda?"

Kijana alikuwa ameipa kamera mgongo, uso umegeuka kidogo tu, shavu na sikio. Shati lake lilikuwa zima. Uzito wake wote ulikuwa kwenye mguu wa kulia. Kwenye mfuko wa nyuma wa suruali kilining'inia kitambaa. Mkono wake ulikuwa umenyooka, kidole kimetangulia, na mbele ya kidole, nyuma ya marobota ya pamba, palikuwa na mlango mdogo wa mbao.

Mlango ule aliujua. Kamati ilikuwa imejificha nyuma yake, na watu wa nje ya kamati waliojua hilo walikuwa wawili: yeye aliyekuwa akiwapelekea chakula, na rafiki wa Katibu aliyefungua kufuli la mlango kwa bisibisi yake.

"Hii ilipigwa baadaye," alisema. "Baada ya moshi. Labda anawaonyesha walipo majeruhi."

"Hapana, mama." Mhifadhi alisema kwa upole, bado hajui anachokisema. Akawasha taa ya chini ya meza ya kioo na kuuweka ukanda wa filamu juu yake. "Ona, ukanda haujakatwa. Namba zinafuatana hapa pembeni. Hii ya kichochoro imetangulia. Halafu mlango unavunjwa. Halafu moshi. Halafu ninyi. Halafu hii ya mwisho."

Akaifunua ile ya mwisho.

Katibu alikuwa anatolewa nje, askari wawili wamemkunja mkono mgongoni. Mikono ya shati ilikuwa imekunjwa hadi juu ya viwiko. Sura yake yote ilikuwa pale, paji la uso, ndevu changa, mdomo, kila kitu ambacho dada mtu alikuwa amekipoteza kidogo kidogo. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye picha. Kisha akaona kwamba Katibu haitazami kamera. Alikuwa anamtazama mtu aliyesimama pembeni ya kamera, upande ule kijana alikokuwa amepita na msichana mikononi, na hakumtazama kwa woga wala kwa hasira. Alimtazama kama anayemwuliza kitu.

Ndipo ikamjia ile siku ya gerezani. Waliruhusiwa kumwona Katibu mara moja tu, yeye na mume wake, kupitia wavu wa chuma. Katibu alikuwa amekonda, mikono ya shati imekunjwa, ana jambo la kusema, hilo lilionekana. Akamtazama dada yake, akalitazama tumbo lake ambalo lilikuwa limeanza kuchomoza.

"Umeolewa naye?" aliuliza.

"Ndiyo, kaka."

Katibu alikunjua mikono ya shati, mmoja, halafu mwingine, akafunga vifungo. Akamuuliza habari za afya. Siku ile yeye alidhani ni baridi.

"Mama? Nikuletee maji?"

"Huyu wa kichochoroni," alisema Mama Kiatu, "si msimamizi. Ni mume wangu."

Mhifadhi alizisogeza picha mbili karibu karibu. Aliitazama picha ile, akaitazama ile maarufu, akavua glavu na kukaa chini.

Mama Kiatu alirudi nyumbani jua bado liko juu, picha zile mbili zimo ndani ya bahasha kubwa. Mzee alikuwa barazani. Redio ilikuwa imesharudishiwa matumbo yake na inaimba.

"Goti linaendeleaje?" mke aliuliza.

"Linasogea. Umemwona Katibu?"

"Nimemwona." Akazima redio, akamwekea picha ya kichochoro mapajani.

Mzee aliitazama. Alipoinua uso alikuwa amejaribu kuuvika tabasamu. "Picha hizi za kale, Kiatu, mtu yeyote hufanana na yeyote."

"Mzee, mashati yako nimeyafua tangu hujaota mvi. Mgongo wako nisiujue?"

Mtoto wa jirani alipita akawaamkia, na wote wawili wakaitikia kwa sauti za kawaida kabisa, sauti za watu wazima waliokaa barazani kwao.

"Walinikamata getini asubuhi ile," alisema hatimaye. "Wakanifungia kwenye gari. Walisema wanajua kamati imo ghalani, wataliwasha ghala zima. Walisema nikiwaonyesha mlango, watawachukua wale wachache tu, jioni wawaachie."

"Ukawaamini."

"Nilikuwa kijana. Niliogopa."

"Wengi waliogopa. Na mimi? Ulijua nimo ndani. Saa ile ilikuwa saa yangu ya kupeleka chakula."

"Wewe nilikuombea." Alilisema hilo kwa haraka, kama mtu aliyepata pa kushika. "Wallahi nilikuombea. Niliwaambia mna msichana mmoja mle, huyo nitamtoa mwenyewe, asiguswe. Yule ofisa akakubali."

Mama Kiatu alikaa kwenye kiti cha cherehani. Miaka yote hiyo, kila mtu alipoisifu ile picha alisifu jambo lile lile: tazama askari walivyowapisha! Naye aliamini. Aliamini kwamba upo wakati ambapo mtu mmoja anaweza kutembea katikati ya marungu kwa sababu tu moyo wake ni safi.

"Kumbe ndiyo maana walishusha marungu," alisema. "Walikuwa wameambiwa."

"Lakini moshi ulikuwa wa kweli. Ulipigwa na boriti kichwani, ukazimia, mimi nikaingia. Ningekufa mle. Hilo nalo usilifute."

"Silifuti. Uliingia kuchukua ujira wako."

"Usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Uliwapa kaka yangu, wakakupa mimi. Halafu ukabeba jeneza lake, upande wa kichwa, unalia, na mimi nakubembeleza! Mimi! Nilikufuta machozi kwa mtandio wangu mwenyewe."

Mzee alikuwa analia sasa, bila sauti, mikono imelegea juu ya picha. "Ningekuambia lini? Niambie, lini ilikuwa siku nzuri ya kukuambia?"

"Kabla hujaniletea viatu."

"Ungenikataa."

"Ningekukataa, ndiyo. Ilikuwa haki yangu kukukataa."

"Nilikupenda, Kiatu."

"Katibu naye alikupenda," alisema, akaingia ndani, akafunga mlango. Hakulia. Alikaa ukingoni mwa kitanda akiitazama mikono yake, na kila alichokikumbuka katika maisha yao, homa walizouguzana, vicheko, ile siku binti alipozaliwa na mzee akacheza peku uwanjani, kila kimoja alikigeuza upande wa pili kuona kama nacho kilinunuliwa.

Binti yao alifika kesho yake. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kila mwaka alifundisha somo lile lenye picha ya wazazi wake, watoto wakimwangalia kama amezaliwa na stempu. Baba yake alikuwa ameshamwambia kwa simu. Alikuja amevimba macho, na mama akadhani ni yeye aliyeliliwa.

"Mama, baba ana ugonjwa wa moyo. Unataka kumuua?"

"Sijamgusa baba yako."

"Makumbusho wanasema unataka zitundikwe zote. Kwa faida ya nani? Yule ofisa amekufa, mpiga picha amekufa, mjomba amekufa. Amebaki mzee mmoja mwenye goti bovu."

"Nimebaki mimi pia. Umenihesabu?"

Binti alishika kichwa. "Na mimi niwaambie nini wanafunzi? Mimi mwenyewe basi nimetoka wapi?"

"Umetoka kwangu, mwanangu. Hilo halina picha nyingine nyuma yake."

Binti hakutulia. Alimkusanyia baba yake nguo chache na dawa, akamshika mkono, akamwingiza kwenye gari akampeleka kwake. Mama alisimama mlangoni. Alikuwa amejiandaa kusalitiwa na mume tu, na sasa alimtazama mtoto wake wa pekee akiondoka bila kumuaga.

Mkurugenzi wa makumbusho naye alitaka ile picha moja. Alimwita ofisini, akamwagizia chai, akamzungushia maneno: picha ni ya taifa, watu wameizoea, historia ni jambo nyeti. Mama Kiatu alikunywa chai yote, maana ilikuwa chai nzuri.

"Mimi ndiye niliyebebwa," alisema. "Ukitundika moja, siku hiyo nitasimama chini yake na kuwahadithia wageni zile nyingine kwa mdomo. Na mdomo wangu huongeza chumvi. Bora utundike."

Zikatundikwa tatu, kwa mpangilio wa filamu. Mhifadhi alimuuliza aandike nini chini ya ile ya kichochoro.

"Andika alichofanya. Fundi wa mitambo akiwaonyesha polisi mlango wa ghala."

"Na jina lake?"

"Watalijua. Shati tu ndilo halijachanika."

Siku ya ufunguzi ukumbi ulijaa. Watu waliingia na vicheko, wakaenda moja kwa moja kwenye picha waliyoijua, wakairudia ile ya kushoto yake, kisha wakanyamaza. Ukimya ule ulienea mtu kwa mtu hadi nyuma. Mama Kiatu alisimama mbele ya Katibu. Picha yake ilikuwa imekuzwa hata kumzidi kimo, na alilazimika kuinua uso kumtazama, kama zamani.

Mwanamke mmoja mzee alimjia akitembea kwa fimbo. Mama Kiatu alimtambua: ni yule mpishi wao wa uji, ambaye mume wake alikuwa kwenye kamati na hakurudi. Walikuwa wamefanya kazi mashine za jirani, na kwa miaka mingi walisalimiana sokoni kama ndugu.

"Ulikuwa unajua?" mpishi wa uji aliuliza.

"Sikujua."

"Umekula naye, umelala naye, umemzalia. Hukujua?"

"Sikujua, dada. Nimejua juzi, hapa hapa."

Yule mama alimkazia macho. Aliigeukia picha ya kichochoro, akatema mate chini, karibu na ukuta, akaondoka na fimbo yake. Mama Kiatu alichukua leso akapangusa sakafu. Alipoinuka, mtu alikuwa amemshika kiwiko. Alikuwa binti yake. Hakuomba msamaha, na mama hakuudai. Alikuwa anamtazama mjomba wake, mtu ambaye hakuwahi kumwona.

"Nina paji lake la uso," alisema binti.

"Na ubishi wake."

Walibaki pale mpaka walinzi walipoanza kuzima taa za vyumba vya nyuma.

Mzee hakurudi nyumbani. Hakufukuzwa, ila hakuitwa. Kitabu cha shule bado kina picha ile ile moja, na wizara imesema itaangalia. Mtaani bado wanamwita Mama Kiatu, ingawa wengine siku hizi hulitaja jina hilo kwa kusitasita, kana kwamba wamelikanyaga. Yeye hushona sare zake. Kila wiki binti huja na mfuko wa nguo chafu za baba yake, kwa sababu mzee hataki mtu mwingine azifue, na mama huzifua, huzipiga pasi na kuzikunja. Hajui kwa nini anazifua. Binti alimuuliza siku moja, naye akaomba aletewe makaa ya pasi.

Wiki iliyopita binti alikaa kwenye kiti cha barazani akingojea mfuko, akasema bila kumtazama, "Baba anauliza kama anaweza kuja kukaa hapa barazani tu, mchana. Haingii ndani."

Mama alikuwa anakata uzi kwa meno. Aliutema, akaligeuza gauni la mwanafunzi akakagua pindo.

"Mwambie bado."

"Bado mpaka lini, mama?"

"Sijui, mwanangu. Wewe mwambie bado."

Akakanyaga cherehani, na pindo likaendelea kupita chini ya sindano.